Gramu Mia Tatu za Ratili

Watu wa sokoni walimwita Ratili, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Miaka thelathini na minne alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia dukani bila hodi, akatundika mizani yake ya springi kwenye msumari wa kwanza aliouona, akapima, akakunja uso, na mwenye duka akaanza kutokwa jasho hata kama hana kosa. Inasemekana mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza, mkunga akatangaza kilo tatu na robo, Ratili aliomba mtoto apimwe upya mbele ya mashahidi wawili. Wapo wanaokanusha habari hiyo, lakini mkunga mwenyewe hakuikanusha hadi anaingia kaburini.

Alipostaafu, mizani hawakumnyang'anya. Walimwachia kama zawadi, naye akaendelea kupima. Na alichokiona kilimsikitisha: tangu siku aliyoondoka kazini, dunia ilikuwa imeharibika. Sukari ilipungua. Mchele ulipungua. Mkaa ulipungua. Hata sabuni ya mche, kitu kilichotoka kiwandani na jina lake limechongwa ubavuni, ilipungua. "Nilijua," alikuwa akimwambia mkewe. "Paka akiondoka, panya hutawala."

"Na paka mwenyewe sasa anakula kwenye sahani yangu," mkewe alikuwa akijibu, "kwa hiyo anyamaze."

Sasa, Ratili alikuwa na anasa moja tu maishani, nayo ni kuwinda. Mara moja kwa mwaka kundi la wazee wenye kibali lilipanda mlimani kutafuta kulungu wawili, si zaidi. Kiongozi wa msafara alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye bucha ya kona. Lakini mwaka uliopita Ratili alifanyiwa upasuaji wa goti, akabaki kambini akimenya vitunguu na kukoroga sufuria, huku wenzake wakirudi jioni na hadithi ndefu kuliko mlima wenyewe. Kwa mtu kama yeye kumenyeshwa vitunguu na shemeji yake, heri goti lingekatwa.

Mwaka huu shemeji alisema wazi, mbele ya watu: "Orodha ya kibali naipeleka Ijumaa. Asiyeweza kubeba bunduki yake mwenyewe hadi juu, jina lake nalitoa. Mpishi tutamtafuta mwingine, na huyo hahitaji kibali."

Daktari naye alikuwa amesema lake: "Mlimani usibebe zaidi ya kilo tatu. Ukizidisha, goti hili utakuja kunidai, na mimi sitakuwa nalo."

Bunduki ya Ratili, aliyoirithi kwa baba yake, ilikuwa na uzito wa kilo nne na nusu na sura ya mlango wa ghala. Ikabidi atafute nyingine, nyepesi, kabla ya Ijumaa. Na hiyo ilikuwa Jumatano.

"Nenda kwa yule fundi wa bunduki, yule binti," shemeji alimshauri. "Hatakupunja."

Neno hilo lilimkaa Ratili kama mwiba wa samaki kooni. Kwa nini shemeji amwonee huruma? Miaka mitatu iliyopita, siku yake ya mwisho kazini, Ratili aliingia bucha ile ile ya kona, akatundika paja la mbuzi kwenye ndoano ya mizani yake, akakuta limepungua, akaifunga mizani ya shemeji kwa lakiri nyekundu na kutoza faini papo hapo. "Sheria haina shemeji," alisema siku ile, na akausifia msemo huo mwezi mzima. Shemeji alilipa faini, akanunua mizani mpya, na ile ya zamani akaiacha ikining'inia ukutani na lakiri yake, mwaka baada ya mwaka. Mtu anayeweka kitu kama hicho ukutani hajasahau. Na mtu ambaye hajasahau hakuelekezi duka zuri bure.

Duka la fundi lilikuwa jembamba kama droo. Upande mmoja bunduki zimesimama kwenye fremu, mnyororo umepita kwenye vilinda-kidole vyote kama kamba kwenye pua za ng'ombe. Upande wa pili meza yenye kitambaa kizito, tupa, chupa za mafuta, na mizani ndogo ya umeme. Fundi alikuwa na aproni ya turubai na miwani iliyopandishwa hadi kwenye nywele.

"Karibu mzee wangu. Shemeji yako aliniambia utakuja."

Ratili alisimama mlangoni. "Alikuambiaje?"

"Kwamba utakuja."

"Na nini kingine?"

"Kwamba utakuja na mizani."

Ratili aliibana mizani kwapani chini ya koti, lakini ilikuwa imeshachelewa kuwa siri.

Fundi akafungua mnyororo, akatoa bunduki tatu, moja moja. Kila aliyoitoa aliivuta bolti nyuma, akamwonyesha Ratili chemba tupu, isiyo na risasi, kisha akailaza mezani. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mbao, kilo tatu na nusu. Akataja bei. Ratili, aliyekuwa na desturi ya kupima kila bei kwa pensheni yake, akaona ni miezi mitatu.

"Rahisi," akasema.

"Rahisi, imara, na itamzika mwanao. Ila goti lako itakuwa imeshalizika mapema."

"Goti langu nani kakuambia?"

"Mzee, umeingia ukichechemea."

Ya tatu, ambayo fundi aliikimbilia akiiruka ya katikati kwa makusudi, ilikuwa nyeusi, nyembamba, kitako chake cha nyuzi za kaboni. Kilo mbili na gramu mia mbili. Bei yake ilikuwa pensheni ya miezi kumi na minne, na fundi aliitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Ina nini cha miezi yote hiyo?" Ratili akauliza. Akaishika. Akaona mtutu umechongwa mifereji, na bolti imetobolewatobolewa kama chujio.

"Wamepunguza chuma kila pasipohitajika."

"Yaani nalipia matundu?"

"Unalipia kisichokuwepo, mzee. Wepesi ndio huo."

"Maisha yangu yote," alisema Ratili, "nimewatoza watu faini kwa kuuza kisichokuwepo."

Fundi alicheka mpaka miwani ikamwangukia puani. "Tena nikuambie ukweli. Hii ina teke. Bunduki nzito humeza teke lake yenyewe, nyepesi hukurudishia wewe. Ukifyatua hii mara tatu, bega litakwenda kukaa na goti hospitalini. Mimi ningekushauri hii ya katikati."

Ya katikati ilikuwa na kitako cha plastiki ngumu, mtutu mfupi, na mpira mnene mwishoni wa kupokea teke. Kilo mbili na gramu mia nane, miezi mitano. Haikuwa na urembo wowote. Ratili aliipenda papo hapo, na kwa sababu aliipenda, akaanza kuitilia shaka.

"Na darubini?" akauliza. Macho yake yalikuwa yamechoka. Bila darubini asingeweza kumtofautisha kulungu na kichaka.

"Hapo ndipo penye neno. Darubini na vibano vya kuishikilia ni gramu mia tatu na hamsini. Ukiifunga, jumla inakuwa kilo tatu na gramu mia na hamsini. Umezidi amri ya daktari. Kwa ile ya kaboni usingezidi." Akatoa vibano kwenye kisanduku. "Ninavyo vile vya kufungua kwa mkono. Unageuza kishikio, darubini inatoka; ukiirudisha inakaa palepale, wala shabaha haihami. Vinaongeza bei kidogo, lakini unaweza kuitembeza mfukoni."

"Mfukoni mwangu goti halioni? Au mfuko ni wa mtu mwingine?" Ratili akasukuma kisanduku pembeni. "Uchuuzi huo."

Lakini moyoni alikuwa ameshanusa. Aha. Binti anaisifia ya katikati, kisha anaifungia mlango kwa gramu mia na hamsini tu, halafu anataja kaboni kwa upole. Ndivyo wanavyofanya: hawakusukumi, wanakuachia uteleze mwenyewe.

Akaitoa mizani yake. Akaitundika kwenye ndoano ya dirisha, akaishika bunduki ya katikati kwa mkanda, akaining'iniza. Mshale ukashuka, ukatikisika, ukatulia.

Kilo mbili na nusu.

Ratili alitabasamu tabasamu lililokuwa likiwaumiza watu tumbo kwa miaka thelathini na minne. "Binti yangu. Umeandika mbili na mia nane. Hii ni mbili na mia tano. Nikifunga darubini, nafika mbili mia nane na hamsini. Daktari anaridhika, kaboni yako inabaki hapa. Umeongeza uzito kwenye karatasi ili nitishike nikanunue ya miezi kumi na minne. Mwizi wa kupunguza nimemwona. Mwizi wa kuongeza, wewe ndiye wa kwanza, hongera."

Fundi hakukasirika, na hilo lilimtia Ratili shaka zaidi. Aliichukua bunduki, akailaza kwenye mizani yake ya umeme. Mbili na mia nane.

"Ya umeme unaipanga utakavyo," alisema Ratili.

"Sawa. Maji je?" Akatoa chini ya meza chupa ya maji ya lita moja, kifuniko hakijavunjwa. "Lita ya maji ni kilo. Hii hata wewe huwezi kuitoza faini."

Ratili akaifunga chupa kwa kamba shingoni, akaitundika. Gramu mia saba na kidogo.

Fundi akamtazama Ratili. Ratili akaitazama chupa.

"Kwanza sukari, kisha mkaa, sasa hata wenye maji!" akasema kwa uchungu wa kweli.

"Mzee wangu," fundi akauliza polepole, "nyumbani sukari ilipungua kiasi gani?"

"Gramu mia tatu."

"Ulinunua kilo ngapi?"

"Mbili."

"Na mkaa?"

"Mfuko wa kilo kumi na tano. Ulipungua..." Ratili akasita. "Mia tatu."

"Basi mwizi wako ana msimamo. Wezi ninaowajua mimi huiba kulingana na mzigo." Akairudisha bunduki ya katikati kwenye fremu, akapitisha mnyororo. "Nitakuwekea hadi kesho jioni. Nenda kaizungumze na mizani yako."

Ratili alitoka bila kuaga. Njia nzima alimshuku fundi, kisha shemeji, kisha kiwanda cha maji, kisha daktari, ambaye pengine naye alikuwa na hisa katika kaboni. Lakini kila alipomaliza kumshuku mmoja, zile mia tatu zilikuwa zimemtangulia mbele, zimekaa kwenye jiwe, zinamsubiri. Mia tatu kwa kilo moja. Mia tatu kwa kilo kumi na tano.

Alimkuta mkewe uani anawatupia kuku mtama kutoka kwenye karai dogo la bati. Ratili alipita. Akarudi nyuma hatua mbili. Ukingoni mwa karai kulikuwa na matundu matatu madogo, yamepangwa kwa nafasi sawa, matundu ya kupitishia minyororo.

"Hilo karai umelitoa wapi?"

"Hili? Si lako? Nalitumia mwaka wa nne huu."

"Nani alikupa?"

"Nani anipe? Lilikuwa chini ya kitanda. Wiki ile ya mwisho ya kazi ulikuwa unalalamika mgongo, karai zito, karai zito, ukaanza kutundika vitu kwenye ndoano tu. Nikasema kuku nao ni watu."

Ratili alikaa kwenye kizingiti. Kila mkaguzi alijua jambo hili, na yeye alilijua kuliko wote, ndiyo maana hakulikumbuka. Mizani ya kazini ilipangwa isome sifuri ikiwa imebeba karai lake. Mshale ulirudishwa nyuma kiasi cha uzito wa karai, halafu kipini kidogo kikauzuia usishuke chini ya sifuri, kwa hiyo hata bila karai ulionekana umetulia mahali pake, mwaminifu kama ustadhi. Ukilitoa karai, mizani inakula uzito wake kimyakimya kutoka kwenye kila unachotundika.

Akamwaga mtama. Kuku wakapigana. Akalifunga karai kwa minyororo, akaweka chupa ya lita moja ndani. Kilo moja na chembe ya plastiki.

Alikuwa amekagua mizani za watu maisha yake yote. Yake hakuwahi kuikagua. Nani angethubutu kumwambia aikague?

Mkewe alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Mke wa mkaguzi hahitaji kuuliza, husoma mshale.

"Lile paja la mbuzi," akasema hatimaye.

"Lilikuwa sawa," alisema Ratili.

"Kaka yangu aliitwa Pungufu soko zima. Wateja walihama mwaka mzima."

"Nimesikia, mama watoto."

Alikuwa na njia moja ya kutoroka, nasi hatutasema hakuifikiria. Angeweza kunyamaza. Angeweza kununua ile ya katikati, akaifunga darubini, na Ijumaa mbele ya wazee wote akaitundika kwenye ndoano bila karai: kilo mbili mia nane na hamsini, nani mwingine ana swali? Lakini goti halisomi mizani. Gramu mia na hamsini zingepanda naye mlimani zikiwa zimejificha, na huko juu zingedai haki yao. Na kwa ile ya kaboni, hakuwa na pensheni ya miezi kumi na minne ya kununulia matundu. Bila darubini ni kipofu. Akiwa nayo ni kiwete. Alihitaji mtu wa kumbebea gramu mia tatu na hamsini, na aliyeongoza msafara alikuwa mtu mmoja tu.

Asubuhi ya Alhamisi aliingia bucha ya kona akiwa na mizani mkono mmoja na karai mkono wa pili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipiga hodi dukani. Shemeji alikuwa anakata mbavu. Hakuinua macho.

"Leo unafunga nini, shemeji? Nyundo?"

"Naomba unipimie kilo moja. Kwa ile ya zamani." Akaonyesha ukuta.

Panga likasimama hewani. Shemeji alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayekurudishia mwavuli uliosahau miaka kumi. "Ile si ina lakiri? Kuivunja ni kosa. Nani alisema? Ah, wewe."

Ratili akapanda kwenye kigoda, goti likilia, akaivunja lakiri kwa kucha. Vipande vyekundu vikaanguka kwenye vumbi la mbao. Nyama ikatundikwa: kilo moja. Kisha akaitundika mizani yake pembeni, karai limefungwa, akaweka nyama ile ile: kilo moja. Kisha akalitoa karai, akatundika nyama kwenye ndoano: gramu mia saba. Muuza nyama miaka ishirini na mitano haelezwi habari ya mizani.

Shemeji alikaa juu ya gogo la kukatia.

"Karai lilikuwa wapi?"

"Kwa kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wa dada yako."

"Kwa hiyo," shemeji akasema, akihesabu kwa vidole vyenye damu, "nimekuwa mwizi miaka mitatu ili kuku wa dada yangu wale kwenye chombo cha serikali."

"Ndivyo."

"Sheria haina shemeji, ulisema."

"Nilisema."

"Sema tena."

"Shemeji..."

"Sema tena, lakini useme na karai kichwani."

Na Ratili, mtu aliyewatoa jasho watu kwa miaka thelathini na minne, akavaa karai la kuku kichwani katikati ya bucha, akasema. Mteja mmoja aliyekuwa mlangoni aligeuka akaondoka, na kufikia saa sita mchana hadithi ilikuwa imeshafika stendi, na karai limeshakuwa pipa.

Shemeji alipomaliza kucheka, alifuta macho kwa kiwiko. "Haya. Darubini nitaibeba mimi, mfukoni. Nunua vile vibano vya kufungua kwa mkono. Ukimwona mnyama, niombe nitakupa. Jina lako halitoki."

"Vibano ulijuaje?"

Shemeji akarudi kwenye mbavu zake. "Nenda, binti anakungoja."

Ratili alinunua ya katikati, darubini na vibano. Fundi hakumcheka hata kidogo, na hilo nalo lilimtia shaka.

Siku ya Jumapili, juu kabisa, ukungu ulipopasuka, kulungu dume alisimama hatua mia moja na ushee, ubavu wote wazi. Kilo mbili na gramu mia nane zilipanda begani kwa Ratili kama manyoya. Goti lilikuwa kimya. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Shemeji. Darubini."

"Omba vizuri."

"Shemeji, tafadhali, darubini."

"Mfuko upi ule niliweka..."

Wazee waliokuwepo wanaapa kwamba kulungu yule alikaa akasikiliza mpaka mwisho, sikio moja kwa Ratili, jingine kwa shemeji, na alipoona haki imetendeka akageuka akaondoka zake bila kukimbia. Ratili alibaki na mkono hewani. Polepole aligeuka akamtazama shemeji yake, ambaye wakati huo ndipo alipoipata darubini, mfuko wa kwanza kabisa, juu, uleule aliokuwa ameushika tangu mwanzo.

"Siku bado ndefu, shemeji," alisema mwenye bucha kwa upole. "Hatutakupunja."